Robo sekunde kanisani: kisa cha picha za harusi moja ya Kibosho

Mama mkubwa wa bibi harusi alifika studio kwangu hapa Moshi mjini Jumatatu moja ya Januari, saa nne asubuhi, kabana kwapani kanvasi iliyokunjwa kama mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfundisha yule kijana?"

Swali likija hivyo, jibu lolote ni kesi. Nikamvutia kiti, hakukaa. Aliikunjua kanvasi juu ya kaunta, inchi 24 kwa 36, bwana na bibi harusi wamesimama chini ya mparachichi. Ukiwa mlangoni unaiona nzuri. Ukiisogelea, uso wa bibi harusi umekuwa vigae vya bafuni, nyusi zimepanda ngazi. Nyuma yao, palipotakiwa kuwa na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, pana weupe mtupu.

"Mlima uko wapi?" akauliza. "Sisi tulilipia mlima."

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, aliyepiga picha hizo, kwa sababu ndani yake kuna karibu makosa yote yanayomkuta mtu anayetumia modi za nusu otomatiki, na moja kati ya hayo nililipanda mimi.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, msimu ambao Wachaga wa Dar na kwingineko wamerudi nyumbani na kila kihamba (shamba la nyumbani la ukoo) kina shughuli. Ibada ilikuwa upande wa Kibosho, picha za jioni kihambani kwa akina bibi harusi, sherehe kwenye ukumbi mjini. Dogo (namwita dogo kwa sababu alikaa kwangu mwaka mzima) alikuwa peke yake. Canon moja ya megapikseli 24, lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, nyingine ya 50 yenye f/1.8 (namba ya tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni pana), flashi moja, kadi moja ya GB 16. Hiyo kadi moja nitairudia.

Mama aliniachia flashi diski yenye picha 899. Nikampigia dogo, akaja na bodaboda, laptopu mgongoni, uso hauna damu. Jambo la kwanza nililomuuliza ni kama amefuta chochote. Hakufuta. Hapo nikapumua.

Kila faili la picha linabeba karatasi yake ya hospitali: saa iliyopigwa, modi, kasi ya shata, tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), flashi iliwaka au haikuwaka. Mimi naanza na hiyo kabla sijamsikiliza mtu yeyote. Watu husahau na wengine hujitetea, namba haziwezi.

Tukaanza na kanisani, picha ya saa tano na dakika 42. Pete inavishwa. Msalaba ulio nyuma ya altare umesimama mkali, hata nyufa za rangi ukutani unazihesabu. Ndimi za mishumaa ziko mahali pake. Mkono wa bwana harusi umekuwa moshi.

Dogo alishaiambia familia kwamba mkono wake ulitetemeka kwa sababu hakula tangu asubuhi. Nilimwonea huruma lakini haikuwa kweli. Angetetemeka yeye, msalaba nao ungetetemeka. Lenzi ile ya 18-55 ina kitulizi ndani, kinamsaidia mpigaji asitikise picha, na kilifanya kazi yake vizuri siku ile. Kitulizi hakimshiki bwana harusi. Aliyetembea kwenye picha ni bwana harusi, na shata ilikuwa wazi muda wa kutosha kumwona akitembea.

Nikafungua namba. Av, f/8, ISO 400, kasi 1/4.

Robo sekunde. Kwa asiyezoea: kwenye gurudumu la modi, Av (kwa Nikon imeandikwa A tu) maana yake wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi ya shata. Tv (kwa Nikon S) ni kinyume chake, wewe kasi, kamera tundu. P inachagua vyote viwili, ila inakuachia uvisogeze pamoja. ISO unaweza kuishika mwenyewe au kuiachia kamera. Kamera haijui kama mbele yake pana harusi au gunia la mahindi. Inapima mwanga, kisha inatafuta namba ya kulipa deni ulilomwachia. Dogo aliishika f/8, akaishika ISO 400, na deni lote akaiachia kasi. Kanisa lina madirisha membamba, migomba nje inakula mwanga, mchana kama ule ndani ni jioni. Kasi ililipa kwa robo sekunde, na ilikuwa imeandikwa chini ya kitundu cha kuchungulia muda wote: 4, 4, 4, 5, 4. Picha 200 na ushee za kanisani, na hakuna hata moja ambayo aliiangalia ile namba.

"Kwa nini f/8?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu anayeogopa kusema. "Si wewe bro ulisema f/8 ndiyo kali? Weka f/8, ukalale."

Nilisema. Tena zaidi ya mara moja. Nilisema hapa ndani, mbele ya taa mbili kubwa za studio, kwenye picha za pasipoti na za bidhaa za watu wa Mbuyuni, ambapo mteja kakaa kwenye stuli na mwanga wa flashi unamgandisha hata akipiga chafya. Kwa hapa f/8 ni sahihi. Na chenga, zile punje zinazokuja na ISO ya juu, je? Hizo pia nilimtisha nazo mimi. Kila akipandisha ISO namfokea kwamba picha imejaa chenga kama televisheni ya zamani. Kijana akabeba sentensi zangu mbili akapanda nazo Kibosho.

Tulikaa na kipande cha karatasi tukapiga hesabu ya picha ile ile ya pete. Ngazi ya matundu inajulikana: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila ukishuka hatua moja kuelekea namba ndogo, mwanga unaoingia unaongezeka mara mbili, na kasi inaweza kupanda mara mbili. Kutoka f/8 hadi f/2.8 ni hatua tatu: 1/4 inakuwa 1/8, 1/15, 1/30. Lenzi ya 18-55 haiwezi kufika huko, ukiivuta hadi 55 mwisho wake ni f/5.6. Lakini ile 50 ilikuwa kwenye begi! Inafika f/1.8, kwa hiyo f/2.8 kwake ni kazi nyepesi. Halafu ISO: 400 kwenda 800 hatua moja, 1600 hatua ya pili. 1/30 inakuwa 1/60, inakuwa 1/125. Kwa 1/125 mkono unaovisha pete unakaa. Kanisa ni lile lile, madirisha ni yale yale, wala hakukuwa na haja ya flashi ya kumkera padre.

Alihofia kwamba kwa f/2.8 mmoja angekuwa mkali na mwenzake angefifia. Hofu halali, ila kwa lenzi ya 50 kwenye kamera ya aina yake, ukisimama mita nne, ukali una kina cha zaidi ya nusu mita. Watu wawili waliosimama bega kwa bega wanaenea na nafasi inabaki.

Kuhusu chenga nimebadili maneno yangu na nayaandika hapa ili yasibaki ya mdomoni: chenga za ISO 1600 au 3200 kwenye picha ya albamu hazimsumbui mtu. Sijawahi kuona mama mkwe akilalamikia chenga.

Nilianza kazi na Canon AE-1 ya baba mdogo, kamera iliyotoka 1976. Ile haikuwa na Av kabisa. Unachagua kasi, na ndani ya kitundu kuna sindano inayokuonyesha kamera imechagua tundu gani. Pembeni ya picha hakukuwa na kingine cha kutazama ila sindano hiyo, basi unaitazama. Ikishuka hadi mwisho unajua hapa giza, punguza kasi. Kamera za leo zinakuonyesha namba nane kwa mpigo, pamoja na betri na mraba wa fokasi na jedwali la mwanga, na nadhani ndiyo maana watu hawaoni hata moja.

Sasa mlima. Saa kumi na moja na nusu jioni, kihambani. Aliwasimamisha wanandoa chini ya mparachichi, kivulini, na nyuma yao anga la wazi na Kibo kimefunguka, jambo la bahati kwa Desemba. Picha tatu za kwanza zinaonyesha theluji vizuri kabisa, na nyuso mbili nyeusi zisizo na macho. Mita ya kamera iliona anga, ikaona gauni jeupe, ikasema hapa mwanga umezidi, ikapunguza. Mita haina nia mbaya, inataka kila fremu iwe na wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa fremu linageuzwa kijivu, suti nyeusi zikijaa nazo zinavutwa ziwe kijivu. Ndiyo maana kuna kile kitufe cha +/−, cha kuiambia mita kwamba leo imekosea na kwa kiasi gani.

Dogo alikikumbuka, hilo nampa. Ila alizungusha hadi +2 moja kwa moja. Nyuso zikafunguka, gauni likaungua, theluji na mawingu vikagota 255, mwisho wa weupe, na mlima wa mita 5,895 ukafutika. Tofauti ya kivuli kile na anga lile ilikuwa kubwa kuliko kitufe chochote. Angewasha flashi kidogo ya kujazia nyuso na kuiacha mita kwenye sifuri, angepata vyote.

Au angewatoa kivulini hatua tano tu. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu halihitaji kamera. Kwa mtu wa Moshi na Kibosho, Kibo kiko kaskazini. Desemba jua linazama kusini kidogo ya magharibi. Wanandoa wakiupa mlima mgongo, jua la jioni linawapiga usoni kwa upande, mwanga wa dhahabu, na huo huo unaumulika mlima. Mungu kashapanga taa, wewe unakwenda kusimama chini ya mparachichi.

Basi mlima haumo kwenye kanvasi. Na vigae? Hapo ndipo kadi inaporudi.

Asubuhi alianza na RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG (lililobanwa tayari) kwa pamoja, kama nilivyomfundisha, kama MB 38 kwa kila picha. Baada ya ibada na picha za makundi alikuwa amepiga 387, na kioo kikamwonyesha zimebaki 31. Ukumbi bado, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) bado, keki bado. Maduka ya Kibosho hayauzi kadi za kamera jioni ya harusi. Akaingia kwenye menyu ya ubora wa picha, akazima RAW, akashuka L, M, S1, hadi S2. Ile 31 ikaruka ikawa mia tano na zaidi. Akashukuru Mungu akaendelea.

Kwa kamera yake L ni pikseli 6000 kwa 4000. S2 ni 2400 kwa 1600. Gawanya 2400 kwa inchi 36 za kanvasi: pikseli 66 kwa inchi. Aliyechapa alimwonya kwamba faili halitoshi, kijana akasema chapa tu. L ingetoa 166, na kwa kanvasi inayoning'inia sebuleni hiyo inatosha. Angeweza pia kubaki L na kushuka daraja la ubanaji tu, ile alama ya ngazi badala ya ile laini. Angepata picha mara kadhaa ya zile 31 na pikseli zote zingebaki. Wengi wanachanganya mambo haya mawili. Ukubwa ni idadi ya pikseli, ubanaji ni jinsi zinavyofungashwa. Ukibana sana unapata uchafu kando ya mistari mikali, ukipunguza ukubwa umetupa pikseli na hazirudi.

Pigo la pili la S2 ni kwamba RAW ilizimwa saa ile ile mwanga ulipokuwa mgumu kuliko wakati wowote wa siku. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya kamera yake ni ya biti 14, ngazi 16,384. Theluji iliyoungua kwa +2 pengine ingerudi kidogo kwenye RAW. Kwenye JPEG ni karatasi nyeupe.

Ukumbini nitapita haraka, ila kuna mtego mmoja ambao wengi hapa mjini hawaujui. Ile +2 ya kihambani ilibaki. Kwenye kamera nyingi haijifuti hata ukizima, na yeye aliizima akapanda gari akashuka mjini nayo. Akaweka flashi, akabaki Av, f/4, ISO 800. Kwenye Canon, ukiwa Av na flashi imewaka, kamera bado inapima mwanga wa ukumbi na kuchagua kasi ya ukumbi. Flashi inahesabiwa kuwa ya kusaidia tu. Ukumbi ule ulitaka 1/8, na kwa +2 ikawa nusu sekunde. Matokeo: flashi inagandisha uso wa shangazi anayecheza, kisha shata inakaa wazi na kuziburuta taa zote za zambarau kupita juu ya paji lake. Mama mkubwa aliziita picha za majini. Nikon ikiwa A na flashi haishuki chini ya 1/60 mpaka uiruhusu. Canon ina mahali kwenye menyu pa kuifungia kati ya 1/60 na 1/200. Dogo hakupajua, na mimi sikuwahi kumwonyesha kwa kuwa studio nafanya kazi na M, modi ya kupanga vyote mwenyewe.

Alipoona majini akakimbilia Tv, 1/250, na kwa kuwa betri za flashi zilikuwa zinalegea akaizima. Ndafu wanaingia wakati huo, wawili, wamepambwa majani mdomoni, MC anapiga kelele, vigelegele. Kwenye kioo f/5.6 inapepesa. Inapepesa kwenye kila fremu, nina uhakika, kwa sababu hiyo ndiyo namna Tv inavyosema nimefungua tundu hadi mwisho na bado giza. Haikatai kupiga, inapepesa tu. Picha 40 za ndafu, nyeusi kama hatua sita chini ya mwanga unaotakiwa, na zile zinazoonekana kidogo zina mistari ya giza kwa sababu taa za umeme wa 50 Hz zinapepesa mara 100 kwa sekunde na kasi ya 1/250 inazikamata katikati. 1/100 ingeikwepa.

Tulichookoa ni hiki. Kwenye zile RAW za kanisani, robo sekunde iliharibu pete, maandamano na busu, lakini kuna wakati kanisani watu hawasogei. Wanandoa wamepiga magoti, padre ameinua mikono, wote wamefumba macho. Picha nne za hapo ni kali mpaka nyuzi za shela, pikseli 6000 kamili. Nilirekebisha umanjano wa taa, nikafungua vivuli, nikaipeleka moja kuchapwa kanvasi upya kwa ukubwa ule ule. Gharama tuligawana nusu kwa nusu, dogo na mimi, na mimi sikulipa kwa huruma.

Mlima ulipatikana kwenye zile picha tatu za kwanza, kabla ya +2. Nyuso nilizivuta kutoka gizani, chenga zikaja, nikaziacha. Kwa inchi 5 kwa 7, faili la S2 linatoa zaidi ya pikseli 300 kwa inchi, hakuna kigae hata kimoja. Mama mkubwa aliishika ile ndogo, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Mlima wa inchi saba," akasema.

"Ndio huo uliookoka, mama."

Akaiweka kwenye mkoba yeye mwenyewe, kanvasi akamwachia kijana wa kubeba.

Dogo nilimpangia upya kamera palepale kaunta. Av, lakini ISO ya kujiendesha, mwisho wake 6400, na kasi isishuke chini ya 1/125. Kamera yake inaruhusu kuandika hivyo. Kwa zisizoruhusu, weka M ushike tundu na kasi, uiachie ISO peke yake, nayo ni nusu otomatiki hata kama gurudumu linasema M. Flashi kwenye Av ifungwe 1/60. Kitufe cha +/− kirudi sifuri kila anapobadili mahali. Kadi tatu.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na sendoff Rau. Saa nne usiku simu ikalia, nikadhani ni kesi nyingine. Alikuwa amenitumia picha ya mgongo wa kamera yake, bila neno lolote: Av, 1/125, f/2.8, ISO 3200, +⅓, RAW, zimebaki 212.

Nikamjibu: "Flashi je?"